Dakika Moja ya Barabara Tupu

Mjini Kakamega watu wengi wanaijua sauti ya Titus Osundwa kuliko wanavyoujua uso wake. Ni sauti inayotoka kwenye spika mbili zilizofungwa juu ya pikapu nyeupe, inayopita polepole kutoka Amalemba hadi Lurambi ikitaja jina la marehemu, watoto aliowaacha, siku mwili utakapotolewa mochari na boma utakapozikwa. Wauza mboga hupunguza redio zao akipita. Kina mama husimama mlangoni na mwiko mkononi, wasikilize kama ni mtu wao. Titus mwenyewe husema kazi hiyo haimsumbui. Majina huandikwa kwenye karatasi, na yeye kazi yake ni kuyasoma vizuri, bila haraka.

Zamani sauti hiyo hiyo ilichekesha watu. Alipokuwa kijana kwao Mayoni, kule Matungu kwenye mashamba ya miwa, mzee mmoja aitwaye Phineas alikuwa na ukumbi wa video nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Ulikuwa ukumbi wa mabati, mabenchi kumi na mbili, televisheni moja na jenereta iliyonguruma nje. Titus alikuwa dijei wa filamu. Aliketi kwenye kreti la soda kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akizieleza filamu za ng'ambo kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiwanga. Waigizaji aliwapa majina ya watu waliokuwa ukumbini. Jambazi akipigwa makofi, jambazi huyo alikuwa fundi wa baiskeli wa benchi la mbele. Bibi harusi akikimbia kanisani, alikuwa muuza samaki wa pale stejini. Kuna watu walioingia si kwa ajili ya filamu bali kusikia leo nani ataitwa.

Aliyeitwa mara nyingi kuliko wote ni Jairus, mdogo wake. Jairus aliketi benchi la pili, upande wa ukutani, na kila alipotajwa alijibu kwa sauti kama vile mtu wa kwenye filamu ndiye aliyemwita. Ukumbi ulikuwa ukiangua kicheko. Ndugu hao wawili walilelewa na mama peke yake, na mchezo wao huo wa kuitana na kuitikiana walikuwa nao tangu utotoni.

Mwaka 2009, mwezi wa tisa, Phineas alileta diski iliyokuwa na picha ya mwanamke anayetokwa na damu machoni. Alikuwa ameitangaza wiki nzima. Jumamosi mchana ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama mlangoni. Ilikuwa filamu ya kutisha ya muuguzi ambaye, kila akishika mkono wa mgonjwa kumpima mapigo ya moyo, huona mahali pa mwisho ambapo mgonjwa huyo atasimama duniani. Hamwoni mtu akifa. Anaona mahali tu. Ngazi. Daraja. Ua wa nyuma wa nyumba fulani, kamba ya nguo ikitikiswa na upepo. Halafu siku moja anashika mkono wa mgonjwa asiyemjua, na mahali anapopaona ni jikoni kwake mwenyewe.

Damu ya kwenye kasha haikuonekana ndani ya filamu hata tone. Kila muuguzi alipoona mahali, picha ilibaki pale pale kwa muda mrefu, pakiwa patupu, bila muziki. Watu wakaanza kukohoa. Mmoja akauliza pepo wako wapi. Titus aliona ukumbi unamponyoka, akafanya alichozoea: kila palipokuwa na ukimya akaujaza maneno. Alizungumzia ngazi, akalizungumzia daraja, akamfanya muuguzi kuwa mke wa mtu fulani anayetafuta mume aliyetorokea kwa jirani. Walicheka kidogo. Hata hivyo nusu ya watu walikuwa wametoka kabla filamu haijafika mwisho, na Phineas akaizima akaweka ya ngumi. Kwa miaka mingi Titus aliitaja kuwa filamu mbovu kuliko zote alizowahi kutafsiri.

Wakati huo Jairus alikuwa amepata kazi ya utaniboi, yaani msaidizi wa dereva, kwenye trekta ya kubeba miwa. Titus ndiye aliyemwombea kazi hiyo kwa mwenye trekta. Mwezi wa pili mwaka uliofuata, saa sita mchana, trela lililojaa miwa lilipinduka kwenye kona yenye daraja dogo, mbele kidogo ya Mayoni. Jairus alikuwa amesimama kwenye chuma kinachounganisha trekta na trela. Alimwacha mkewe Naliaka na binti wa miaka minne, Mitchel.

Titus hakushika kipaza sauti tena mwaka mzima. Alihamia Kakamega, akamwoa Emily, akatengeneza redio kwa muda, halafu akapata ile kazi ya gari la matangazo. Kuna jambo moja alilomwambia Emily mara moja tu. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyempeleka Jairus kwenye ile trekta, alijua jinsi mataniboi wanavyosimama pale penye chuma, na hakuwahi kumwambia ndugu yake neno hata moja la kumwonya.

Mwaka jana Mitchel alikuja mjini kujiunga na chuo. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye paji la uso la baba yake. Jumapili moja alasiri, mvua ya kila siku ikiwa imeanza kugonga mabati, alifika nyumbani kwa Titus na mfuko wa plastiki.

"Baba mkubwa," alisema baada ya chai, "nilipata hii kwa sanduku la mama. Ameiweka chini ya nguo za baba. Sina mahali pa kuicheza."

Ilikuwa diski isiyo na kasha. Juu yake, kwa kalamu ya wino mzito, palikuwa pameandikwa *Muuguzi, Titus*. Phineas alikuwa na kawaida ya kurekodi maneno ya Titus juu ya nakala nzima ya filamu na kuziuza diski hizo siku za soko. Titus aliitazama, akacheka.

"Hii? Hii ilikuwa takataka. Watu walitoka."

"Nataka tu kuona mbona waliiweka."

Deki ya zamani ilikuwa bado chini ya televisheni. Titus aliifuta vumbi, akaweka diski. Picha ilikuja ikikwaruza, halafu ikatulia, na sauti ya Titus wa miaka ishirini na minane ikajaza sebule. Emily alitabasamu. Titus hakutabasamu sana. Alikuwa ametazama dakika kumi tu alipogundua jambo lililomtia aibu: filamu haikuwa mbaya. Yule mwigizaji aliyekuwa muuguzi alijua kazi yake. Kila alipoachia mkono wa mgonjwa alifuta kiganja chake kwenye sketi, polepole, kama mtu aliyeshika kitu chenye utelezi. Pale patupu palikusudiwa kutazamwa kimya, na yeye ndiye aliyepayukapayuka juu yake kutoka mwanzo.

Walifika mahali muuguzi anaposhika mkono wa kijana mwenye bandeji kichwani. Picha ikabadilika. Ikaonyesha barabara yenye kona, daraja dogo, vigingi vyeupe pembeni, nyasi ndefu. Hakuna gari, hakuna mtu. Titus wa kwenye diski alikuwa bado anaongea kuhusu yule mume aliyetoroka, akakatiza neno katikati. Kukawa kimya. Jenereta ilisikika kwa mbali.

Halafu sauti ile ile ikasema, bila mzaha, kwa utulivu, karibu sana na kipaza sauti: "Jairus. Shuka hapo."

Barabara ilibaki tupu kwenye skrini.

"Jairus, shuka hapo, ndugu yangu."

Kutoka mbali ukumbini mtu akajibu, "Nimeshuka. Endelea." Watu wakacheka, na Titus wa kwenye diski akarudia hadithi ya mume na jirani kana kwamba hakusema kitu.

Titus alinyoosha mkono akasimamisha picha. Mvua ilikuwa kubwa sasa. Emily alikuwa ameacha kufuma.

"Ni yeye?" Mitchel aliuliza. "Huyo aliyesema nimeshuka?"

"Ni baba yako."

Msichana alikuwa hajawahi kuisikia sauti ya baba yake tangu alipopata akili. Aliomba irudiwe. Titus aliirudisha nyuma, akaicheza, akairudisha tena. Mara ya nne Mitchel alifumba macho, midomo yake ikisema pamoja na sauti ile. Yeye Titus alikuwa akisikiliza kitu kingine. Alikuwa akimsikiliza yule kijana aliyesema *shuka hapo*, akijaribu kukumbuka, na hakukumbuka chochote. Alikumbuka joto la ukumbi ule na kreti la soda. Alikumbuka mpaka mtu aliyeuliza kuhusu pepo. Maneno yale hakuyakumbuka kabisa, na jinsi yalivyosemwa haikufanana na namna yoyote aliyowahi kuongea kwenye kipaza sauti.

"Labda ulikuwa unamtania kama kawaida," Emily alisema walipobaki wawili.

"Nikimtania huwa nasikika hivyo?"

Emily alikusanya vikombe vya chai.

Jumamosi iliyofuata Titus na Mitchel walienda Mayoni kwa ile pikapu, spika zikiwa zimefunikwa turubai. Kwa miaka kumi na minne Titus alikuwa akifika kwao kwa kuzunguka njia ya ndani, ili asipite kwenye ile kona. Siku hiyo njia ya ndani ilikuwa imeharibiwa na mvua. Ikabidi apite ya lami.

Barabara ile Jairus alipofia ilikuwa ya udongo wa murram, bila kingo, miwa ikiwa imesimama pande zote mbili kama ukuta. Sasa ilikuwa imewekwa lami. Miwa ilikuwa imekatwa na shamba likaachwa liote nyasi. Walipofika kwenye kona Titus alikanyaga breki. Daraja dogo. Pembeni, vigingi vilivyopakwa rangi nyeupe, vipya. Nyasi ndefu zilizolalia upande mmoja. Ilikuwa saa sita kasoro na barabara ilikuwa tupu.

Mitchel ndiye aliyesema. "Ni kama ile ya kwa filamu."

"Daraja ni daraja," Titus alisema. "Yote yanafanana."

Hata hivyo hakuondoa mguu kwenye breki. Alijua vizuri kwamba mwaka ule pale hapakuwa na kigingi hata kimoja. Alikaa akitazama kwa kioo cha mbele mpaka pikipiki ilipompigia honi nyuma yake, ndipo akaondoa gari. Hakuangalia pembeni wakati anavuka.

Naliaka alikuwa shambani akipalilia maharagwe. Alinawa mikono, akawakaribisha, akawapikia obusuma, ugali wa kwao, na mboga za kienyeji kabla hajauliza lolote. Walipomaliza kula, Titus akaitoa ile diski na kuiweka mezani. Naliaka aliiangalia, akamwangalia binti yake.

"Kumbe ni wewe uliichukua. Nilidhani ni panya wamebeba."

"Naliaka," Titus alisema, "niliongea na Jairus kwa hii kitu. Nilimwambia ashuke. Mimi sikumbuki."

"Mimi nakumbuka," alisema Naliaka.

Alizungumza akichezea ukingo wa kitambaa cha meza. Jioni ya siku ile ya filamu, Jairus alirudi nyumbani bila kelele zake za kawaida. Alimwambia mkewe kwamba Titus amemwita ukumbini, na kwamba amejibu kwa mzaha kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza, lakini mwili wake ulikuwa umesisimka. Alisema kaka yake alimtazama moja kwa moja gizani, na macho yale hayakuwa ya kutania. Siku ya soko akamwomba Phineas ile diski. Walikuwa na deki ya jirani. Aliitazama sehemu hiyo mara mbili tatu, akaizima.

"Jumatatu yake hakuenda kwa trekta," Naliaka alisema. "Alikaa nyumbani. Mwezi wa kumi, wa kumi na moja, mpaka Krismasi ikapita. Alikuwa analima na mimi tu."

Titus alimkazia macho. "Mimi nilijua alikuwa kwa trekta wakati wote."

"Alikataa ujue. Alisemanga wewe ndiye ulimtafutia hiyo kazi, utaona amekudharau. Ukija, anavaa ile overoli, anakaa nayo mpaka uende." Alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Mwezi wa pili taniboi mwenzake alishikwa na malaria. Wakakuja kumwomba asaidie siku mbili. Siku ya kwanza alirudi salama."

Nje kuku walikuwa wakiparua chini ya dirisha. Mitchel alikuwa ametazama sakafu.

"Kwa nini hukuniambia?" Titus aliuliza. "Miaka yote hii nilijua sikumwambia kitu."

"Shemeji, wewe hukuuliza. Ulihama. Ukija hapa unakaa dakika tano, unaangalia saa. Mimi nilifikiri unakumbuka, na kwamba hutaki kuongea juu yake. Nikasema ni sawa, kila mtu abebe kwa namna yake."

Titus aliinamisha kichwa, akafunika uso kwa viganja viwili. Si kwamba alilia. Alikuwa kama mtu aliyetua mzigo kichwani na kukuta shingo imezoea kuinama. Na chini ya nafuu hiyo palikuwa na baridi nyingine, kwa sababu swali lilikuwa limebadilika tu. Zamani alijiuliza kwa nini hakusema. Sasa alijiuliza ni nani aliyesema.

Naliaka ndiye aliyetaka waitazame. Alisema ameiweka miaka kumi na minne na hajui hadithi yenyewe ni ya nini, maana Jairus alikuwa akiruka mpaka pale pa barabara. Mitchel alienda kuomba deki kwa jirani. Walipoiunganisha Titus aliomba jambo moja, wazime sauti. Walitazama hivyo, mlango ukiwa wazi, jua la alasiri likiingia mpaka katikati ya chumba. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha na Mitchel aliyasoma kwa sauti ya chini, akimtafsiria mama yake.

Bila maneno ya Titus filamu ile ilikuwa kitu kingine. Walimwona muuguzi akianza kuogopa kumsalimia mtu yeyote. Walimwona akivaa glovu akiwa nyumbani. Ilipofika barabara tupu, hakuna aliyesema kitu, na Titus aliona kwa pembe ya jicho Naliaka akisogeza kiti mbele, akaweka kidole kwenye skrini, pale kwenye kona, kama mtu anayeonyesha kaburi. Picha ilipobadilika aliondoa kidole.

Sehemu ya mwisho hata Titus alikuwa hajaiona. Yule mgonjwa asiyejulikana alikuwa ni muuaji, na muuguzi alijua atakuja. Angeweza kuhama. Badala yake alifagia jiko lake, akapanga viti viwili, akakaa kwenye kimoja na kuvua glovu. Mlango ulifunguka. Mtu akaingia, na filamu haikuonyesha kilichotokea. Ilionyesha muuguzi baadaye, peke yake, akijishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akijipima mapigo yake mwenyewe. Na mahali alipopaona ni ule ua wenye kamba ya nguo, shuka zikipeperuka, mchana.

"Kwa hivyo muuguzi hakufa jikoni," Naliaka alisema.

"Hapana, mama. Atazeeka."

Naliaka aliitikia kwa kichwa polepole. "Ni filamu nzuri," alisema. "Mbona mlisema ni mbaya?"

Titus aliitoa diski, akampa Mitchel, kwa sababu ilikuwa na sauti ya baba yake, na hapakuwa na nyingine popote. Alipoaga, Naliaka alimsindikiza hadi kwenye gari, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi, na akamwambia akija mara nyingine asiangalie saa.

Anarudi sasa kila mwezi. Hukaa mpaka jua linapoinama. Amemsaidia Naliaka kujenga jiko jipya, na wanaongea kuhusu Jairus waziwazi, jinsi alivyokuwa akichelewa kila mahali, jinsi alivyoogopa chura. Mataniboi wanaopita na trela za miwa, akiwakuta wamesimama kwenye chuma kile, huwasimamisha na kuwaambia washuke. Wengine humtukana. Wengine hushuka, kisha hupanda tena akishapita.

Alimtafuta pia Phineas, ambaye siku hizi ni mzee na hafanyi biashara. Alimkuta amebakiwa na gunia la diski za zamani, thelathini na moja, zenye sauti ya Titus. Phineas alimpa zote, akishangaa mtu anataka nini na vitu vilivyokwisha kuchakaa. Titus alizibeba hadi Kakamega. Jumapili baada ya kanisa huweka moja, anakaa karibu na spika na kusikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa mahali palipo kimya. Amesikia utani wake wa zamani, majina ya watu wa Mayoni, wengi wao wakiwa hai, wengine alishawatangaza yeye mwenyewe kwa gari. Hajakuta mahali pengine ambapo sauti inabadilika.

Emily alimwuliza siku moja anatafuta nini hasa.

"Nasikiliza tu," alisema Titus. Alikuwa ameshika diski ya ishirini na tatu, akiipangusa kwa shati.

"Na ukisikia jina la mtu mwingine?"

Titus aliiweka diski kwenye deki, akasubiri picha itulie. "Nitaenda kumwambia," alisema. "Mara hii nitaenda mwenyewe mpaka kwake."